Nusu Saa ya Timboroa

Dada yangu mdogo yuko Aberdeen, Uskoti, anafanya kazi ya kutunza wazee, na wiki hii simu yangu imejaa ramani. Ramani ya Uingereza, doa la manjano limefunika sehemu yote ya juu, ndani ya hilo doa kuna lingine la rangi ya chungwa, na chini yake maandishi: theluji nzito na barafu zinatarajiwa, usafiri huenda ukavurugika. Anatuma asubuhi, anatuma jioni, wakisogeza saa kidogo tu kwa hilo onyo anatuma tena. Mama yuko Molo, baridi anaijua, lakini hiyo rangi ya chungwa imemtoa usingizi, kila mara ni simu, "umeongea na mtoto? amefika kazini?"

Mimi nakata risiti kwa steji hapa Nakuru, gari zetu zinaenda Eldoret, Kisumu na Kakamega, kwa hivyo mambo ya safari kuvurugika si kitu nasoma tu kwa simu, ndiyo kazi yenyewe. Na ndio maana hizo ramani zimenikalia kichwani. Theluji yenyewe wacha ikae huko, kilichonishika ni vile wale watu wameandika.

Ukifungua lile onyo la Met Office, idara yao ya hali ya hewa, utaona wanakuambia kitakachokupata wewe. Unaweza kuteleza kwa barafu uumie, barabara zingine zitafungwa, mabasi na treni zitachelewa ama zisiende kabisa, vijiji vya ndani vinaweza kukatika, stima inaweza kupotea. Sentimita ziko, lakini si hizo zimebeba habari. Hata rangi yenyewe, manjano, chungwa ama nyekundu, haipimi theluji peke yake, tangu 2011 wanaangalia vitu viwili kwa pamoja, hiki kitu kina uwezekano gani wa kutokea, na kikitokea kitaumiza watu kiasi gani. Theluji ile ile ikianguka mlimani penye kondoo tu huenda isipewe rangi yoyote, ikiangukia mji mkubwa saa ya watu kutoka kazini hiyo ni habari nyingine kabisa.

Nikamuuliza dada, sasa hiyo chungwa ikitoka wewe unafanya nini? Akacheka. Akasema naenda kazini.

Sababu mzee wa miaka tisini anayehitaji kuamshwa, kuoshwa, kupewa dawa na chai haambiwi ati leo kuna theluji jiamshe. Lakini kuna kitu kinafanyika kabla. Siku onyo linatoka, msimamizi wao anakaa chini na orodha ya wazee, anatenganisha, huyu anadungwa insulini na hana mtu, lazima afikiwe, huyu binti yake anaishi mtaa huo huo, apigiwe alale naye, huyu jirani anaweza kumpashia chakula. Halafu wanabadilisha njia, mfanyakazi anapewa wazee walio karibu na kwake badala ya wale wake wa kawaida, ndio asiendeshe gari. Yeye anatembea. Na anatembea na soksi kuukuu za mwanaume amezivalia juu ya viatu, nilidhani ni mzaha mpaka akanipigia video nikaziona, za sufu ya kijivu, zimelowa mpaka kwa kifundo. Ile barafu nyembamba haionekani, inakaa tu kama lami iliyolowa maji, na sufu inaishika kuliko soli ya mpira. Alifundishwa na mama mmoja wa huko ambaye ni mteja wake, si kwa semina yoyote.

Gari likiwa lazima, kwa buti kuna sepetu, blanketi, maji, chaja ya simu na kitu cha kula. Asubuhi kioo kimeganda, na mtu wetu mgeni anakimbilia kumwaga maji ya moto, usijaribu, kioo kinaweza kupasuka. Na kitabu chao cha sheria za barabara kinasema juu ya barafu gari inaweza kuhitaji hadi mara kumi ya ule umbali wa kawaida ndio isimame. Mara kumi! Fikiria hapo ulipozoea kuacha nafasi ya gari moja, na tuseme ukweli, Wakenya hiyo nafasi moja hatuiachi.

Usiku yanapita malori ya chumvi. Chumvi ikiingia kwa maji inafanya yasigande pale kwa sifuri, yanangoja baridi zaidi, ndio maana wanamwaga kabla theluji haijaanguka, na baridi ikishuka sana, kwenye kumi chini ya sifuri hivi, chumvi inaanza kushindwa. Uskoti hayo malori yanapewa majina na watu, majina ya utani tupu, na unaweza kuyafuata kwa ramani ya intaneti uone lile la kwenu limefika wapi. Mimi hapo nikasimama kidogo. Serikali inakuonyesha lori la chumvi liko wapi saa hii. Sisi hata tingatinga la kaunti unaliona tu likishafika, tena kukiwa na uchaguzi.

Sasa mtu atasema, wewe wa Nakuru barafu inakuhusu nini. Inanihusu sana, na huyo mtu hajapita Timboroa, kule juu milimani njia ya Eldoret, saa tisa mchana mwezi wa nne.

Watu wengi hawajui kuwa sisi ni watu wa barafu. Kericho na Nandi Hills zinatajwa kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, siku 132 kwa mwaka ndiyo hesabu inayorudiwa kila mahali. Hewa ya Ziwa Victoria inapanda mchana, inakutana huku juu na upepo unaotoka mashariki, mawingu yanarundikana na kupaa juu sana, na kwa sababu ardhi yetu yenyewe tayari iko juu, yale mawe hayapati safari ndefu ya kuyeyuka kabla ya kugonga chini. Kisumu iko mita 1,131 juu ya bahari, mawe mengi huko yanafika yakiwa mvua tu. Timboroa reli inapita juu ya mita 2,700. Kuna hata wanasayansi waliochukua takataka za majani makavu ya chai kutoka huko Kericho wakaandika 1982 kuwa ndani yake kuna vijidudu vinavyosaidia maji kuganda, yaani wachumaji wakipita wanatimua vumbi, linapanda juu, na huenda ndilo linaongeza mawe. Chai inajiitia adui. Mashamba makubwa nayo yaliwahi kujaribu kupigana na hayo mawingu kwa kuyarushia dawa huko angani, enzi za sitini kuelekea sabini.

Na kule Busara, upande wa Nyahururu, Septemba 2008, watu walikuta mteremko mzima ni mweupe, wakatoka na watoto kucheza, ati theluji imeanguka Kenya. Idara ya hali ya hewa ikaja kueleza kwamba hiyo ni mvua ya mawe iliyoshikana. Watu hawakutaka kusikia, walitaka theluji yao.

Mwaka jana mwezi wa nne nilikuwa nimekaa mbele na dere tukielekea Eldoret, mimi nikiunganisha hadi Kakamega kwa matanga. Jua kali Nakuru, Salgaa jua, tukipanda Mau Summit kukaanza kuwa giza kama saa moja jioni, na tulipokaribia Timboroa yakaanza. Kwanza moja moja kwa boneti, tak, tak, halafu yote pamoja, kelele mpaka huwezi kusikia redio, waipa zinasukuma mawe badala ya maji. Ukubwa wa njegere tu, si makubwa, lakini mengi, na kwa dakika chache ile lami nyeusi ikawa nyeupe pii. Akina mama wanaouza viazi na karoti kando ya barabara wakajifunika magunia kichwani wakaingia chini ya meza zao. Trela mbele yetu likawasha taa zote za hatari. Na hapo nikaona kazi ya dere kwa karibu, hakugusa breki hata kidogo, alitoa mguu kwa mafuta, akashuka gia ya tatu, akashuka ya pili, akaacha injini ndiyo ishike gari, magurudumu ya kushoto akayaweka kwa changarawe ya kando penye kushika, na tukaingia polepole kwa uwanja wa duka moja la mbolea tukasimama. Nyuma gari ilikuwa imecheza kidogo, kushoto, kulia, ikatulia. Mtoto alilia, mama mmoja akaanza kuomba kwa sauti.

Simu ya dere ikalia kabla hata hajavuta hendibreki. Ni mwenye gari. Siku hizi gari ina traka, anakaa kwake anaona nukta imesimama.

"Mbona umesimama?"

"Mawe bosi, barabara ni nyeupe."

Kimya kidogo. "Wengine wamesimama?"

Na kweli wakati huo huo ikapita gari ya sako nyingine, yaani chama kingine cha wenye matatu, polepole, inateleza teleza, lakini ikapita. Jamaa wa kiti cha nyuma akaiona. "Dere twende bana, si hiyo imepita?" Mwingine akadakia ana mahojiano ya kazi kesho asubuhi na lazima alale Eldoret, mwingine akasema kama mtu anaogopa angebaki nyumbani. Dere hakujibu. Alizima injini akafungua mlango, baridi ikaingia, watu wakaanza kuokota mawe na kupiga picha. Nusu saa hivi. Yaliisha ghafla vile yalivyoanza, jua likatoka, ile nyeupe ikageuka maji yakakimbia mtaroni, na lami ikaanza kutoa mvuke. Tukaenda.

Sasa hapa ndipo nataka uniskize. Ile gari iliyotupita haikupata chochote. Tuliikuta Burnt Forest abiria wakinunua mahindi ya kuchoma. Ingekuwa imeanguka, dere wetu angekuwa shujaa, abiria wangemshukuru, mwenye gari angesema nilimwambia asimame. Lakini ilifika salama, na kwa hiyo dere wetu akabaki mtu mwoga aliyechelewesha watu. Mara nyingi inakuwa hivyo, wanaopita wanafika, na kila mara wanapofika wanawafundisha wengine kwamba kusimama ni ujinga. Mpaka ile siku moja.

Na hiyo nusu saa ina bei, usidhani ni wakati tu. Ukichelewa nusu saa kufika Eldoret gari tatu zimekutangulia kwa foleni ya kurudi, na foleni ni vile ulivyofika, kwa hivyo unangoja hizo tatu zijae kwanza, mchana wa katikati ya wiki unaweza kukaa masaa mawili, trip ya mwisho ya siku imeenda. Mwenye gari anataka tageti yake ile ile. Mafuta ni yale yale. Upungufu unatoka kwa mfuko wa dere na konda. Mimi nikiwa dirishani naona jioni mtu anahesabu noti anarudia kuhesabu, na najua leo kulikuwa na mvua huko juu.

Kwa Waingereza barafu ikishashika inaweza kukaa siku, wiki, wanahitaji chumvi, malori, mashine za kusukuma. Sisi yetu inayeyuka yenyewe! Hakuna chumvi ya kununua, hakuna mashine, hatuhitaji kitu chochote isipokuwa gari isimame nusu saa. Tuna tatizo rahisi kuliko lao mara mia na bado linatushinda, kwa sababu hiyo nusu saa haina mwenyewe. Polisi wa barabarani haimhusu, mwenye gari haitaki, abiria ana haraka, dere akiichukua analipa peke yake.

Idara yetu ya hali ya hewa siilaumu. Maonyo yao ya mvua kubwa yanatoka, yanataja maeneo na siku, yanasema msivuke maji yanayokimbia, yanasema kutakuwa na ukungu na utelezi. Yanatua kwa grupu ya WhatsApp ya steji saa mbili usiku kati ya pole ya msiba na picha ya mtu anatafuta kazi ya konda, na yakishatua hapo hakuna mtu kazi yake ni kuyachukua na kubadilisha kitu chochote asubuhi. Yule msimamizi wa dada yangu na orodha yake ya wazee, huyo ndiye hatuna.

Na hata huko si ati wako mbinguni. Februari 28, 2018, wakati wa ile baridi kubwa kutoka mashariki, Uskoti ilikuwa na onyo jekundu, la juu kabisa, watu wameambiwa wasisafiri, na bado mamia ya magari yalikwama kwa barabara kuu ya M80 karibu na Glasgow, watu wakalala ndani ya gari, wenyeji wakawapelekea chai na chakula kwa miguu. Serikali ikalalamika kuwa malori makubwa bado yalikuwa barabarani. Nilipomsomea dere wetu hiyo habari alifurahi kweli kweli. Akasema, unaona, mwenye lori ni mwenye lori.

Nilienda kusoma zaidi nikakuta hii vita ni ya zamani. Yule aliyeanzisha hiyo Met Office yao 1854 alikuwa mtu wa bahari, Robert FitzRoy. 1859 meli inaitwa Royal Charter ilizama kwa dhoruba pwani ya Wales, mamia wakafa, na kutoka hapo akaanza kutuma maonyo kwa telegrafu, bandarini wanapandisha alama kwa mlingoti, nahodha akiona anajua asitoke. Na nani walipinga? Wenye meli za uvuvi, sababu wavuvi wakiiona ile alama wanabaki nchi kavu na siku ya samaki inapotea. Miaka zaidi ya 160 iliyopita, na mimi nasikia ile ile sauti ya simu, "wengine wamesimama?" FitzRoy akafa 1865, mwaka uliofuata yale maonyo yakasimamishwa, halafu watu wa bahari wenyewe wakapiga kelele mpaka yakarudishwa. Hapo ndipo nimepapenda, hawakungoja mwenye meli abadilike roho.

Huku kwetu kusimamishwa kunakuja baada. Desemba 31, 2017 basi na lori ziligongana alfajiri pale Migaa karibu na Salgaa, watu 36 wakafa, na papo hapo gari za abiria za mbali zikapigwa marufuku kusafiri usiku nchi nzima, marufuku ambayo iliondolewa baadaye. Kisha wakaweka ule ukuta wa katikati Salgaa, na umesaidia, mimi nasema wazi. Junction ya Londiani, Juni 30, 2023, lori liliacha barabara likaingia kwa watu na matatu, zaidi ya watu 50 wakafa. Sisemi hizo zilikuwa za mawe, hazikuwa. Nasema tu kwamba hizi barabara zetu huwa zinajua kusimama, watu wakishakufa zinasimama siku tatu zikiwa na wakubwa na kamera, ila hazijawahi kupewa nusu saa mapema.

Kuna vitu vidogo nimeanza kufanya dirishani bila kuuliza mtu. Mama mwenye mtoto mchanga akiniuliza gari ya Eldoret, kama ni msimu wa mvua namwambia auntie panda ya asubuhi, mawe ya huko juu ni ya mchana, ukungu wa asubuhi dere anauona na anaenda polepole, mawe hayamwambii. Anayeenda kushika ndege Eldoret ama Kisumu namwambia aende mapema zaidi ya vile amepanga. Na dere wetu akinipigia kutoka Timboroa napiga simu Eldoret mwenyewe, niwaambie wale wa foleni gari namba fulani imesimama kwa mawe. Mara ya kwanza walinicheka.

Nikaandika hiyo kama pendekezo kwa sako. Gari ikisimama kwa mawe ama ukungu, dere atume picha ya barabara kwa grupu, na akifika apewe nafasi yake kwa foleni kama aliyefika kwa wakati. Ndio hivyo tu. Hakuna pesa inatoka kwa mtu, ni foleni inapangwa upya, na yule aliyepita kwa kuteleza hapati faida ya kuwa wa kwanza. Madere wakaunga mkono. Katibu akasoma, akasema ni kitu kizuri, lakini itakuwaje dere akidanganya, atume picha ya mwaka jana? Mweka hazina akauliza ni mawe kiasi gani yanahesabika. Mzee mmoja mwenye gari mbili akasema ukianza na mawe kesho wataleta jua.

Nikamtumia dada hiyo sehemu ya mzee kwa sauti, akaicheza kwa wenzake kazini, wale wa Nigeria wakaelewa kabla hajatafsiri.

Pendekezo limewekwa kwa ajenda ya mkutano ujao. Mkutano ujao ni Juni, mvua ndefu zikishaisha. Nimewaambia mimi siwezi kungoja hiyo Juni, na kuanzia Machi foleni ya upande wa Nakuru naipanga mimi hata hivyo, asiyetaka aje dirishani tuongee.